Kurwa, Doto na Kibindo cha Mashine

Ofisini kwetu Karagwe, upande wa Ndama, kuna chumba kidogo ambacho zamani kilikuwa stoo ya maharage. Leo kina seva. Harufu ya maharage haijatoka, na panya hawajapewa taarifa ya mabadiliko, kwa hiyo kila msimu wa mavuno wanakuja kukagua. Mimi ndiye fundi wa chumba hicho. Barua yangu ya ajira inasema "Mtaalamu wa Mifumo", lakini watu wananiita fundi, jina wanalompa pia kijana anayeziba pancha pale barabarani. Tofauti yetu wanaijua vizuri: yule akimaliza kazi, baiskeli inatembea.

Seva hiyo inatunza picha za vitabu vya ubatizo vya kanisa letu, vya Karagwe na vya Kyerwa. Vitabu vyenyewe vimeliwa na mchwa, vingine vimenyeshewa, na vingine ukivifungua vinakohoa vumbi usoni. Kazi yetu ni kuulaza kila ukurasa kwenye skana kabla haujawa unga. Humo ndani kuna watu ambao hawajaandikwa mahali pengine popote duniani. Wazazi wao walivuka mpaka kuja kulima kahawa za watu, au walikuja wakifuata majani na ng'ombe wao, na hakuna ofisi iliyohangaika kuwatafuta ili iwaandike. Padre aliwatafuta, na padre alikuwa na kalamu.

Siku moja katibu wa ofisi, ambaye ndiye bosi wangu, aliingia kwenye chumba cha maharage akasoma vikaratasi vya Kiingereza nilivyokuwa nimebandika kwenye mashine.

"Hivi vinamwambia nani?" akauliza.

"Vinaniambia mimi, mzee."

"Na ukifa?"

Katibu ni mtu wa kanisa, kifo hakimtishi, hasa cha mtu mwingine. Akaagiza kila kitu kiandikwe kwa Kiswahili, na orodha ya maneno na maana zake ibandikwe ukutani, ili mtu yeyote aweze kuelekezwa kwa simu mimi nisipokuwepo. Nilinung'unika kidogo kwa ajili ya heshima yangu, lakini moyoni nilifurahi kama nimepewa kiwanja. Nilitafuta kamusi mbili, nikajifungia, na kwa wiki mbili nilitembea nikiongea peke yangu. Nilijiona mtu ambaye vizazi vitamshukuru.

Neno la kwanza lilinitia aibu. Waliotengeneza mashine hizi wana neno moja la kueleza hali ya kuwa na vitu viwili vinavyofanya kazi ya kimoja, ili kimoja kikifa kazi isisimame. Neno hilo Watanzania tunalijua sana, ila kwa maana yake nyingine: ridandasi, ile ya kupunguzwa kazini, iliyowarudisha baba zetu kijijini na redio moja na cheti cha utumishi mwema. Niliposema mkutanoni kwamba seva yetu ina ridandasi, mlinzi aliacha kunywa chai. Mhasibu akauliza ni wangapi. Ilinichukua nusu saa kuwatuliza.

"Yaani wapo wawili kwenye kazi moja," katibu akasema, "na hakuna anayepunguzwa?"

"Ndiyo, mzee."

"Kama serikalini zamani."

Nikaandika hivyo hivyo kwenye orodha, nikafuta "serikalini".

Neno la pili lilikuwa la diski zenyewe. Seva yetu ina diski mbili, na kila kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa wakati huo huo kwenye nyingine. Wenyewe wanaita hali hiyo kioo, nami nikabandika karatasi: KIOO. Kesho yake mama mhudumu alinifuata na kitambaa mkononi. Mama huyu ndiye anayefagia, anayechemsha chai na, tangu nilipomfundisha, anayelaza kurasa kwenye skana na kubonyeza kitufe, kwa sababu kwenye karatasi mbovu mikono yake ni myepesi kuliko yangu. Ni wa umri wa mama yangu mzazi.

"Fundi, nimefuta vumbi lote," akasema, "lakini kioo sijakiona. Kiko kwa nyuma?"

Nikabandua. Nikafikiri upya, nikapata neno ambalo nililiona halina mpinzani: pacha. Diski ya kwanza nikaiandika KURWA, ya pili DOTO. Mama alisoma akatabasamu, akaziambia, "Karibuni." Yeye mwenyewe amezaa mapacha. Toka siku hiyo akimfuta Kurwa vumbi anamfuta na Doto, hata kama Doto hana vumbi, na mimi nikawa nacheka. Nilipaswa kufikiri badala ya kucheka. Kwetu pacha hafanyiwi jambo peke yake. Ukimnunulia mmoja shati unanunua mawili, mmoja akipelekwa zahanati wote wanapelekwa, mmoja akinyolewa wa pili naye anakaa kwenye kigoda asubiri wembe. Mambo haya nimelelewa nayo. Lakini mimi nilidhani naandika habari za diski.

Neno la tatu ndilo nililojivunia kuliko yote. Mashine ikipewa kitu cha kutunza, haikipeleki diskini papo hapo. Inakipokea, inakiweka mahali pa karibu, inakuambia "Imehifadhiwa" ili uendelee na shughuli zako, kisha ikipata nafasi inakwenda kukiandika diskini kweli. Mahali hapo pa karibu nikapaita kibindo, kama kile cha kufungia hela kwenye pindo la kanga. Kina mama ofisini walipenda sana. Katibu hakupenda.

"Inasema imehifadhi na bado haijahifadhi?"

"Iko kibindoni, mzee. Muda mfupi tu."

"Kwa hiyo inasema uongo."

"Si uongo, mzee. Ni haraka."

Aliniangalia kwa namna anayowaangalia wachumba wanaotaka kufungishwa ndoa wiki hiyo hiyo. Nikamweleza kwamba kipo kibetri kidogo ambacho kazi yake ni moja tu: mashine ikizimika ghafla, kinashikilia kilichomo kibindoni kisimwagike mpaka iwashwe tena. Akaridhika. Sikumwambia kwamba kibetri hicho kilikuwa kimeanza kuumwa. Mwanzoni mwa masika kiliwasha taa ya njano na kulia mlio mwembamba, na mlio huo ukawa unaingia kwenye sala ya asubuhi katikati ya "Baba Yetu". Katibu aliuliza ni kitu gani. Nikauzima mlio, nikajaza fomu ya kuomba betri mpya, nikaiweka juu ya kabati ili niikumbuke. Juu ya kabati nina vitu vingi vya kukumbuka.

Sasa nije kwa bibi mmoja.

Alikuja kutoka Isingiro, kule Kyerwa, siku ya Jumanne, mwembamba, amevaa koti la kiume juu ya kitenge, na alinisalimia yeye kwanza kwa sababu mimi nilikuwa nimeinamia simu. Nikashtuka, nikasema shikamoo. Akasema marahaba mwanangu, akakaa. Wazazi wake walitoka Rwanda zamani kuja kufanya vibarua kwenye mashamba ya kahawa, naye akazaliwa huku, akabatizwa huku, akaolewa, akazaa na kuzika huku. Alikuwa anaomba kitambulisho cha taifa. Ameambiwa alete uthibitisho kwamba amezaliwa hapa, na kikao cha kusikiliza maombi ya watu kama yeye kilikuwa Ijumaa huko huko Isingiro. Asipokuwa na karatasi, jina lake litakaa kwenye orodha ya wageni.

"Nina miaka zaidi ya sabini," akasema, "na leo nimekuwa mgeni. Nimefika lini?"

Kitabu chake cha ubatizo tulikuwa nacho, kimoja cha vile vibovu kabisa, kilikuwa bado hakijapigwa picha. Nikamwambia aje Alhamisi. Nilimwahidi kwa sauti ya mtu mwenye seva.

Alhamisi asubuhi nikaitwa Igurwa, kwenye shule yetu moja ambako printa ilikuwa imekataa kutoa mitihani. Sikuona tatizo. Mama mhudumu alijua kuskani, maneno yalikuwa ukutani, na mimi nilikuwa na simu. Nilipanda pikipiki nikaondoka.

Yaliyofuata nilisimuliwa na wote wawili, mama na bibi. Mama alitafuta ukurasa mpaka akaupata. Kwa kuwa bibi hajui kusoma, alimsomea kabla ya kuugusa: jina lake, jina la baba, jina la mama, siku ya kuzaliwa, na mahali. Bibi akaomba asomewe tena. Jina la mama yake hakuwa amelisikia kinywani mwa mtu mwingine tangu azikwe. Akasomewa mara tatu. Kisha mama akaubeba ukurasa kwa viganja viwili akaulaza kwenye skana, na ulipofunikwa, ukapasuka. Mwanga ulipita, picha ikachukuliwa, kwenye skrini likatokea neno nililolitafsiri mimi mwenyewe: Imehifadhiwa. Alipofunua, ukurasa ulikuwa vipande, na pale kwenye mkunjo, ulipokuwa mstari wa bibi, palikuwa na unga. Hakujali sana. Mashine ilikuwa imesema.

Dakika hiyo hiyo seva ikaanza kulia.

"Fundi, mashine inalia, ina taa nyekundu," mama akaniambia kwenye simu. Mimi nilikuwa nimepiga magoti mbele ya printa, wino mpaka kwenye viwiko.

"Skrini yake imeandika nini?"

"Imeandika diski, halafu moja."

"Moja ni Kurwa. Kafa. Bonyeza kitufe cha buluu, mvute taratibu, mweke pembeni. Nikirudi nampiga msumari."

Huo ni utaratibu wangu. Diski ikifa naitoboa kwa msumari wa inchi nne, ili siri za waumini zisije zikasomwa na mtu atakayeiokota. Mama alikuwa hajawahi kuuona utaratibu huo.

"Na Doto?"

"Doto hana neno."

Nilimaanisha ni mzima. Mtandao ulikuwa unakatikakatika, mwalimu mkuu amesimama juu ya kichwa changu, nikakata simu. Mama naye alisikia nilichosema: Doto hana neno, maana yake hana pingamizi, yuko radhi kumfuata mwenzake. Jambo lenyewe halikumshangaza. Alichoshangaa ni kwamba mimi, pamoja na usomi wangu, nilikuwa na adabu kiasi hicho. Akamtoa Kurwa, akamtoa Doto, akawalaza ndani ya ungo juu ya kitenge safi. Kisha akaiona mashine bado inanguruma na ndani hamna mtu, akaizima, kama unavyozima taa ya chumba ambacho watu wametoka.

Nilirudi saa tisa alasiri. Nilipouona ule ungo, nilipiga kelele ambayo mlinzi aliisikia getini.

"Mama! Una akili kweli wewe? Nimesema utoe mmoja! Wewe umeua mashine nzima!"

Nilisema hivyo mbele ya bibi, kwa mwanamke ambaye mtaani namwamkia. Alikunja tu kanga yake, akatazama sakafu aliyoipiga deki mwenyewe. Mpaka leo nikikumbuka nasikia joto masikioni, na nastahili.

Nikachukua nyundo na msumari. Nikamchukua Kurwa, nikamweka kwenye kizingiti.

"Na mwenzake?" mama akauliza taratibu.

"Mwenzake mzima!"

"Sasa fundi, utampiga huyu, na huyu anaangalia?"

Sijui kama alikuwa anamtetea Kurwa au anamwonea Doto huruma. Kwa hasira nikaweka nyundo chini. Nilitaka kumwonyesha, mbele ya watu, kwamba hajui kitu. Nikamchukua Doto nikamchomeka kwenye kompyuta ya mezani ili aone mwenyewe jinsi diski nzima inavyofunguka. Doto akaanza kutoa mlio: ka, ka, ka, ka, kama kuku anadonoa sinia. Skrini ikakaa tupu. Nikamchomoa, nikamchomeka Kurwa. Akafunguka kimya kimya, vitabu vyote, kata kwa kata.

Ndipo nilipokumbuka. Mashine haihesabu kama watu, inaanzia sifuri. Diski ya kwanza kwake ni sifuri, na "moja" ni ya pili. Aliyeumwa ni Doto. Jambo hili nililifundishwa wiki ya kwanza chuoni, nikaliandika mtihanini, nikapata vema. Kisha nikaenda kuipachika majina ya Kurwa na Doto kwa werevu wangu, nikasahau kuandika popote kwamba kwa mashine Kurwa ni sifuri. Mama angenitii sawasawa, Doto mgonjwa angebaki peke yake anaitumikia mashine, mimi ningemwekea pembeni diski mpya inakili uozo wake wote, na Kurwa, mwenye ubatizo wa wilaya mbili tumboni, ningemtoboa msumari kwa mkono wangu na kuhisi nimefanya kazi nzuri.

Nikamrudisha Kurwa. Pembeni yake nikaweka diski mpya iliyokuwa rafuni. Mashine ikawaka. Nilitafuta ukurasa wa bibi.

Haukuwepo. Zilikuwepo kurasa za Jumatano, za Jumanne, za mwaka jana. Ukurasa wa asubuhi ile ulikuwa umebaki kibindoni, kwa sababu Doto mgonjwa alikuwa anachelewa kupokea na Kurwa anamsubiri, na mashine ilipozimwa kibetri kilichotakiwa kuushikilia kilikuwa kimekufa zamani. Kilikuwa kimeniarifu. Nilikuwa nimekinyamazisha kwa sababu kilikuwa kinaharibu sala. Kwenye kompyuta ya skana, lile neno lilikuwa bado linang'aa: Imehifadhiwa.

Bibi alikuwa kwenye benchi, koti lake mapajani.

"Tayari, mwanangu?"

Nilimweleza. Nilijaribu maneno yangu yote ya ukutani, na kila moja lilikuwa la aibu kuliko lililotangulia. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Lakini mashine si ilisema imehifadhi?"

"Ilisema, bibi."

"Na haikuwa imehifadhi."

"Ilikuwa haijaandika bado. Ilikuwa imeweka karibu, iandike baadaye."

"Ah," akasema. "Hiyo naijua. Mimi nimeandikishwa mara tatu. Kila mara karani anafunga daftari ananiambia nenda bibi, tayari umeandikwa. Nikirudi hawanioni." Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu aliyekutana na ndugu wa mbali.

Mama mhudumu alimchukua akalale kwake. Mimi nilikwenda kwa katibu. Alinisikiliza, akavua miwani, akaandika barua ya ofisi kwa dakika tano, maana barua hiyo ameiandika mara nyingi: "Baadhi ya kumbukumbu zimepotea kutokana na hitilafu ya umeme iliyo nje ya uwezo wetu." Siku hiyo umeme haukukatika hata dakika moja, jambo ambalo lingestahili barua yake peke yake. Nilijua katibu ananikinga, na anaikinga ofisi, na nilishukuru. Nikaikunja barua nikaitia mfukoni.

Jioni nikaenda kwa mama. Alikuwa anamenya ndizi, bibi anamsaidia. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani yakanipotea yote.

"Mama, nisamehe. Kosa lilikuwa langu. Lile la diski, na lile la kukupigia kelele."

"Kaa ule kwanza," akasema. Hakusema amenisamehe, na mimi sikuwa na uso wa kuuliza. Wakati wa kula ndipo aliposema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba ule mstari anaukumbuka. Si aliusoma mara tatu? Akautaja wote, jina la baba, jina la mama, siku na mahali, na bibi akawa anaitikia kila neno kwa kichwa. Nilimwangalia yule mama niliyemuuliza kama ana akili. Mstari ule, kwa wakati huo, haukuwa umeandikwa mahali popote ila kichwani mwake.

Ijumaa tulikwenda Isingiro watatu. Afisa aliyekuwa anasikiliza maombi alikuwa kijana mpole, amechoka, foleni imeshika mpaka chini ya mikaratusi. Alitaka ukurasa, au mashahidi wawili wa kuthibitisha kwamba ukurasa ulikuwepo. Mama mhudumu akasimama, akautaja mstari kama anavyousoma, bila kukwama. Afisa akaandika.

"Shahidi wa pili?"

"Mimi," bibi akasema.

"Wewe ndiye mwombaji, bibi. Tunataka mtu anayejua habari za kuzaliwa kwako."

"Nilikuwepo."

Watu kwenye foleni walicheka, afisa naye akacheka, lakini hakuandika. Nikatoa barua ya katibu. Akaisoma mara mbili, akaigeuza kuona kama nyuma kuna kitu.

"Hii haisemi kama ukurasa ulikuwepo," akasema. "Inasema kuna kitu kimepotea. Kila ofisi inaniletea barua ya kitu kimepotea. Wewe uliuona huo ukurasa?"

Ningesema ndiyo, ingekuwa rahisi. Lakini sikuuona, nilikuwa Igurwa kwenye wino. Nilimwangalia bibi. Alikuwa hanitazami, alikuwa anatazama kalamu ya afisa, na nilielewa kwamba ameshaizoea sura ya kalamu inayofungwa. Nikaomba karatasi.

Niliandika kwa mkono, nimesimama, juu ya kona ya meza yake. Niliandika kwamba kitabu kilikuwepo na kilikuwa chini ya uangalizi wangu. Kwamba ukurasa wa bibi huyu ulikuwemo, ulisomwa na ulipigwa picha, na saa ya kupigwa picha ipo kwenye kumbukumbu za skana. Kwamba haukupotea kwa umeme. Betri ilikuwa imekufa, nilijua tangu masika, nikauzima mlio wake, nikaacha. Niliandika: mimi ndiye niliyeupoteza. Nilikuwa nimetumia wiki mbili kutafuta maneno ya Kiswahili, na sentensi hiyo ilinitoa jasho kuliko orodha nzima.

Afisa akaisoma. "Unajua itakuwaje bosi wako akiiona hii?"

"Najua."

"Na unathibitisha kwamba usingeweza kupoteza kitu ambacho hakikuwepo."

"Nathibitisha."

Akavuta fomu ya bibi, akaijaza sehemu iliyokuwa wazi, akagonga muhuri. Bibi hakusogea. Akamwomba asome alichoandika. Afisa akasoma kwa sauti, mahali pa kuzaliwa, baba, mama, na bibi akainua mkono kidogo pale kwenye jina la mama, kisha akaushusha.

"Sasa shahidi," afisa akasema, akanigeukia. Akaanza kuchukua habari zangu: jina kamili, nilipozaliwa, jina la baba, namba ya kitambulisho. Nikawa natamka, yeye anaandika, kwa haraka haraka kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Bibi alisogea akainama juu ya meza, macho yake kwenye karatasi asiyoweza kuisoma.

"Mwandike vizuri huyo," akamwambia. "Naye asije akapotea."